Barua ya Wazi kuhusu Chakula cha Mjamzito na Mapafu ya Mtoto

Kwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na kwa wasimamizi wa huduma za afya ya uzazi, mama na mtoto katika Wizara ya Afya.

Nimonia, yaani uambukizo wa mapafu ambao hujaza vifuko vya hewa usaha na majimaji hata mtoto akashindwa kupata oksijeni ya kutosha, iliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka 5 duniani kote mwaka 2019, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na idadi hiyo ni asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Tanzania imeukabili ugonjwa huu kwa chanjo, kwa dawa na kwa kuwahimiza wazazi wamuwahishe kituoni mtoto anayepumua kwa shida, na kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo ipo kinga nyingine ambayo huanza kujengwa kabla mtoto hajavuta pumzi yake ya kwanza, nayo haijapewa nafasi inayostahili katika elimu ya kliniki: chakula anachokula mama wakati wa ujauzito, na jinsi chakula hicho kinavyowalisha bakteria walio ndani ya utumbo wake. Barua hii inaandikwa ili kuiomba Taasisi, ambayo tangu kuundwa kwake mwaka 1973 ndiyo yenye dhamana ya kulishauri taifa kuhusu lishe, iiingize kinga hiyo katika mafundisho yake na katika utafiti wake.

Utumbo mpana wa binadamu unakaliwa na matrilioni ya bakteria pamoja na kuvu na virusi vya aina nyingi, na jamii hiyo nzima, ikihesabiwa pamoja na vinasaba vyake, ndiyo wataalamu huiita mikrobiomu. Wengi wa bakteria hao hawaleti ugonjwa wowote. Huishi kwa kula kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya, hasa makapi-mlo, ambayo wengi huyaita nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mimea zinazopatikana katika ganda la nafaka, katika maharage na kunde, katika mboga za majani na matunda, na katika wanga mgumu kumeng'enywa kama ule wa ndizi mbichi. Bakteria wanapoyachachusha makapi-mlo hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, ambazo kubwa ni tatu, asetati, propionati na butirati. Butirati hutumiwa zaidi na ukuta wa utumbo wenyewe, ilhali asetati huingia kwa wingi katika damu, ikazunguka mwilini, na kwa mjamzito ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi-mlo kwa siku, kiasi ambacho mlo wa sembe na mchuzi mwepesi haukikaribii.

Uhusiano wa asidi hizo na mapafu umechunguzwa kwa makini kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye makapi-mlo mengi walipata uvimbe mdogo zaidi wa njia za hewa walipokutana na vitu vinavyoamsha mzio, na mwaka uliofuata wenzao wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wakalisogeza swali hilo hadi kwenye ujauzito. Panya wenye mimba walipopewa makapi-mlo kwa wingi, au asetati peke yake, watoto wao walikua wakiwa na kinga dhidi ya ugonjwa unaofanana na pumu, na kinga hiyo ilidumu hadi utu uzima ingawa watoto wenyewe hawakulishwa chakula hicho. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba asetati iliyovuka kondo ilibadili namna vinasaba fulani vya mtoto vinavyofunguliwa na kufungwa, ikaziimarisha seli T za udhibiti, ambazo ni seli nyeupe za damu zenye kazi ya kuutuliza mfumo wa kinga usishambulie ovyo. Watafiti hao walipima pia damu ya wanawake wajawazito wa Australia, wakakuta kwamba kiwango kikubwa cha asetati kwa mama kiliambatana na ulaji wa makapi-mlo mengi, na kwamba watoto wa akina mama wenye asetati nyingi walipelekwa mara chache zaidi kwa daktari kwa sababu ya kikohozi na kubanwa kifua katika mwaka wao wa kwanza.

Utafiti wa karibu zaidi na hali ya Afrika Mashariki, kwa kuwa unahusu uambukizo na si mzio peke yake, ulichapishwa mwaka 2023 na kundi la Brisbane, Australia. Panya jike walilishwa chakula kisicho na makapi-mlo ya kutosha wakati wa mimba, kisha watoto wao wakaambukizwa virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ya chini, sawa na vile vinavyowalaza watoto wachanga wa binadamu hospitalini. Watoto hao waliugua vibaya kuliko wale ambao mama zao walikula vizuri, na sababu ilifuatiliwa hatua kwa hatua. Mlo duni wa mama ulibadili bakteria wa maziwa yake na wa utumbo wa mtoto. Utumbo huo ukatoa kiasi kidogo cha protini iitwayo Flt3L, ambayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza seli za dendriti, yaani walinzi wa mwanzo wanaogundua virusi na kuuamsha mwili mzima. Na pale seli hizo zilipopungua, virusi vilipata nafasi. Watoto walipopewa bakteria anayetengeneza propionati, au propionati yenyewe, ulinzi ulirejea. Jambo la kutafakari hapa ni umbali wa safari hiyo, kwamba kasoro iliyoanzia kwenye sahani ya mama ilipita katika maziwa, ikaingia utumbo wa mtoto, ikafika katika mifupa, na ndipo ikaonekana kifuani.

Inafaa kuondoa dhana moja iliyowahi kuenea, kwamba mtoto hupata bakteria wake kutoka ndani ya kondo la nyuma. Uchunguzi wa makondo ya wanawake 537 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, haukukuta jamii yoyote ya bakteria wa kudumu humo, na vinasaba vya bakteria vilivyokuwa vimeripotiwa awali vilionekana kutoka zaidi katika vifaa vya maabara na katika njia ya uzazi wakati wa kujifungua. Kwa hiyo mama humjenga mtoto kwa njia mbili zinazofuatana: wakati wa mimba humpelekea kemikali zinazotengenezwa na bakteria wake, na tangu siku ya kuzaliwa humpa bakteria wenyewe, kupitia njia ya uzazi, ngozi, na maziwa ya mwanzo yale ya njano ambayo hadi leo baadhi ya familia huyakamua na kuyamwaga. Maziwa ya mama yana sukari changamano ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, na kazi yake kubwa ni kumlisha bakteria aitwaye Bifidobacterium infantis, ambaye hulifanya eneo la utumbo kuwa na asidi inayowazuia bakteria wa magonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulimkuta bakteria huyo kwa wingi katika watoto wachanga wa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ambao wazazi wao hula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama, ilhali katika nchi zenye viwanda ametoweka kwa watoto wengi. Hilo lisichukuliwe kuwa sifa ya umaskini, maana watoto wa Wahadzabe nao hufariki kwa wingi kwa kukosa huduma za tiba. Linaonyesha tu kwamba hazina hiyo bado ipo nchini, na kwamba inaweza kupotea kimyakimya miji inapokua na vyakula vinapobadilika.

Mapafu yenyewe, mbali na kinga yake, nayo hujengwa kwa chakula. Huko Nepal, watoto ambao mama zao walipewa vitamini A kabla ya ujauzito, katika ujauzito na baada yake walipimwa wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 13, wakaonekana kuweza kutoa hewa nyingi zaidi kifuani kuliko wenzao. Nchini Denmark, wajawazito 736 waligawanywa kwa kura kuanzia wiki ya 24, wengine wakapewa gramu 2.4 za mafuta ya samaki kila siku na wengine mafuta ya zeituni, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuwa kwamba pumu au kubanwa kifua kwa kudumu kuliwapata asilimia 16.9 ya watoto wa kundi la kwanza na asilimia 23.7 ya kundi la pili, huku maambukizi ya njia ya hewa ya chini nayo yakipungua. Walionufaika zaidi ni watoto wa wanawake waliokuwa na mafuta hayo machache mno katika damu. Tanzania haihitaji kununua vidonge vya Ulaya ili kulitumia somo hilo: dagaa wa Ziwa Victoria wana mafuta ya aina hiyo, na vitamini A imo katika viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya machungwa, katika mboga za majani na katika mawese ya Kigoma.

Uzito wa ushahidi huu lazima upimwe kwa haki. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu makapi-mlo ya mama na mapafu ya mtoto imetoka kwa panya, na kwa binadamu kilichoonekana ni kwamba mambo mawili huambatana, jambo ambalo halithibitishi kwamba moja ndilo linalosababisha lingine. Lau barua hii ingependekeza dawa mpya, udhaifu huo ungetosha kuikataa. Lakini kinachopendekezwa ni dona, maharage, mchicha, matembele, dagaa, matunda na mtindi, vyakula ambavyo mjamzito anavihitaji kwa sababu nyingine nyingi zilizokwisha kuthibitishwa, kuanzia kuzuia upungufu wa damu hadi kuondoa choo kigumu kinachowasumbua wengi katika miezi ya mwisho. Pale ambapo hatari ni ndogo, gharama ni ndogo na faida nyingine ni hakika, kusubiri hadi kila hatua ithibitishwe kwa binadamu ni kuwanyima watoto wanaozaliwa leo.

Hapo ndipo lilipo jambo gumu kuliko yote, na Taasisi inaombwa kulitazama kwa makini. Chakula kikuu cha kaya nyingi ni ugali wa mahindi, na kwa miongo mingi sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, umekuwa alama ya maisha mazuri, huku dona likihesabiwa kuwa chakula cha shuleni, jeshini na gerezani. Kukoboa huondoa ganda na kiini cha punje, ambamo ndimo mlimo sehemu kubwa ya makapi-mlo, mafuta, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Pumba hiyo hupewa kuku na ng'ombe, na mjamzito hubaki na wanga mweupe. Kumshauri arudi kwenye dona kungeonekana kuwa ushauri rahisi kupita wote, lakini dona lina hatari yake, kwa kuwa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi yasiyokauka vizuri, hukaa zaidi katika sehemu hizohizo zinazoondolewa na mashine ya kukoboa. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu, na hata pasipo kuua, sumukuvu huvuka kondo la nyuma, hudumaza ukuaji na hudhoofisha kinga ileile ambayo barua hii inaitetea. Mjamzito anayeambiwa ale dona bila kuambiwa jinsi ya kuyajua mahindi salama anaweza kuwa amekabidhiwa madhara pamoja na faida.

Kwa sababu hiyo ushauri wa dona hauwezi kutenganishwa na kazi ya ghala na shamba. Mahindi yanapaswa kuanikwa juu ya turubai badala ya ardhini, kukaushwa hadi yakauke kabisa kabla ya kupukuchuliwa na kuhifadhiwa, kuwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na kuchambuliwa kwa mkono ili punje zilizovunjika, zilizooza au zilizobadilika rangi zitupwe kabla ya kupelekwa mashineni. Kazi ya kupima unga unaouzwa ni ya Shirika la Viwango Tanzania, lakini kaya nyingi za vijijini husaga mahindi yao wenyewe katika mashine ndogo ambazo hakuna mkaguzi anayezifikia, na huko hakuna mwingine wa kulinda isipokuwa elimu. Penye shaka juu ya mahindi ya msimu fulani, ni salama zaidi makapi-mlo yatafutwe katika kunde, mbaazi, choroko, mboga za majani, ulezi uliohifadhiwa vizuri na ndizi za kupika, ambazo wenyeji wa Kagera na Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa.

Kuhusu vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo akina mama huvijua kwa jina la FEFO, isieleweke hata kidogo kwamba vinapingwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, na upungufu wa damu huua. Lipo hata hivyo fundisho kutoka pwani ya kusini ya Kenya, ambako watoto wa miezi 6 walipowekewa unga wa virutubisho wenye chuma katika uji wao, bakteria wa magonjwa waliongezeka katika utumbo na ukuta wa utumbo ukavimba, na utafiti mwingine uliofuata, uliochapishwa mwaka 2017, ukaonyesha kwamba madhara hayo yalipungua pale chuma kilipoambatana na sukari changamano zinazowalisha bakteria wema. Waliochunguzwa ni watoto na si wajawazito, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba kidonge na sahani havipaswi kufundishwa kama mambo mawili yasiyojuana.

Elimu yenyewe nayo inahitaji kubadili walengwa. Mjamzito mara nyingi siye anayeamua kinachonunuliwa, na katika baadhi ya jamii bado anakatazwa mayai kwa hofu ya kuzaa mtoto asiye na nywele, au anapunguziwa chakula ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Kumwita mama peke yake kliniki, kumsomea orodha ya vyakula, kisha kumrudisha katika nyumba ambayo mume ndiye mwenye fedha na mama mkwe ndiye mwenye kauli juu ya chungu, ni kumbebesha lawama bila kumpa uwezo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia majumbani na kuheshimiwa humo, wanafaa kukabidhiwa ujumbe huu kwa lugha nyepesi: kwamba maharage, mboga na dagaa vya mjamzito vinaweza kusaidia kumkinga mtoto na nimonia, pamoja na chanjo. Baba anayeelewa kwamba fungu la mchicha linahusiana na kifua cha mwanawe atalitazama tofauti na baba aliyeambiwa tu kwamba mkewe anahitaji lishe bora.

Moshi wa jikoni nao, unaoingia katika mapafu hayohayo, hauwezi kuachwa nje. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na maharage, ambayo ndiyo hazina kubwa ya makapi-mlo, huchukua saa nyingi jikoni. Mama anayepika kwa kuni hulipa maharage hayo kwa moshi unaomfikia yeye na mtoto wake. Kumbe kuloweka maharage usiku kucha, jambo lisilogharimu chochote, hupunguza muda wa moto na moshi kwa pamoja. Maelezo madogo ya namna hii yana nafasi yake katika vitabu vya mafunzo vya Taasisi.

Mpango Jumuishi wa Pili wa Taifa wa Lishe ulipangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, na mpango unaoufuata ndio mahali pa kuyaandika haya. Taasisi inaombwa iweke humo lengo linalopimika la makapi-mlo na aina za vyakula katika mlo wa mjamzito, sambamba na malengo ya damu na uzito. Ifanye kila ushauri wa dona uambatane na maelekezo ya sumukuvu. Na ianzishe, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara, uchunguzi wa kuwafuatilia wajawazito wa mikoa yenye vyakula tofauti na watoto wao hadi miaka 2. Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba inaliweza jambo hilo: jijini Dar es Salaam wajawazito 8,468 walishiriki katika jaribio la vitamini ambalo matokeo yake ya mwaka 2007 yalionyesha kupungua kwa watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, na huko Mwanza wajawazito walikwisha kupewa mtindi wenye bakteria wema, wakapimwa damu na kinyesi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mkoa wa Kagera wenye ndizi na maharage, Dodoma yenye mtama na uwele, Kigoma yenye mawese na dagaa, na Dar es Salaam yenye sembe na chipsi zingeweza kutoa majibu ambayo Melbourne na Brisbane haziwezi kuyatoa, na kila mama atakayetoa sampuli anastahili kurudishiwa matokeo kwa Kiswahili, katika kituo kilekile alichoandikishwa.